Luther Burbank, Mteuzi wa Maua
Marehemu Luther Burbank alizaliwa Massachusetts, Marekani, tarehe 7 Machi, 1849. Mwaka 1875, baada ya kuuza haki ya kiazi alichokivumbua kwa dola 150, alihamia California. Huko alidhamiria kupata ua la bustani lililo kubwa, jeupe pepe na lenye kustahimili. Kwa miaka ipatayo 17 alichanganya mbegu za maua ya Ulaya na Japani. Aliteua miche michache iliyo bora. Mingine yote aliiteketeza. Mwaka 1901 ua hilo, liitwalo Shasta, lilitolewa kwa umma.

Alifariki mwaka 1926. Sheria ya Marekani iliyolinda haki za wavumbuzi wa mimea ilipitishwa mwaka 1930; yeye hakunufaika nayo. Hata hivyo, Shasta lingali likipandwa. Uteuzi hudai subira, na ujasiri wa kukataa kilicho hafifu.