BIBI SALME NA URITHI ULIOBAKI NG'AMBO

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii tuliisoma kidato cha kwanza na wengi wetu tuliikariri tu ili tupite mtihani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ndani. Maana yake ni kuwa hata ukizunguka vipi, mwisho utarudi kwenu. Mimi nimekuja kuona mwaka huu kuwa si kila mtu hurudi. Kuna wanaorudi na kukuta mlango umefungwa.

Chama chetu cha Kiswahili kilipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, wenzangu walikimbilia wapigania uhuru na wafalme. Mimi nilimchagua Bibi Salme, binti wa Sultani wa Unguja, na sababu yenyewe ni shangazi yangu.

Sisi wa Amukura tuko katikati ya mipaka miwili, Malaba upande huu na Busia upande ule. Shangazi aliolewa ng'ambo, karibu na Tororo, na huko ndiko alikozalia watoto wake. Babu alipofariki aliacha shamba hapa kwetu, na wazee wa nyumbani wakaanza kuandaa karatasi za kulirithi. Shangazi alipokuja kuuliza fungu lake aliambiwa kuwa yeye ni mke wa watu, tena wa nchi nyingine, na mali haivuki mpaka. Alikula ugali, akalala, na asubuhi akarudi kwake bila kusema neno. Juma hilohilo ndilo nilimwazima mwalimu kitabu chenye habari za Salme. Kwa kweli sikulala.

UTOTO WAKE

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkasi, mbali sana karibu na Urusi, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto mdogo.

Binti huyu alikua akisema Kiarabu na Kiswahili. Siku hizo wasichana wa jumbani walifunzwa kusoma Kurani lakini kuandika hawakufunzwa. Salme hakukubali. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, akitumia kalamu na wino. Wale wenzangu mnaolalamika kuwa hamna madaftari, hapo mna la kujifunza!

BABA ANAKUFA BAHARINI

Seyyid Said alikuwa na makao mawili, Maskati na Unguja, na alisafiri huku na huku kwa jahazi na merikebu. Tarehe 19 Oktoba 1856 alikuwa anarudi kutoka Omani alipofia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, ndani ya meli yake iitwayo Victoria. Aliacha watoto 36 walio hai, 18 wa kiume na 18 wa kike.

Sasa fikiria, msomaji, kazi ya kugawa mali ya mtu kama huyo! Thuwaini alishika Omani, naye mdogo wake Majid akashika Unguja. Thuwaini aliona kuwa vyote ni vyake, na ndugu hao nusura wapigane vita. Waingereza waliingia kati na shauri likapelekwa kwa Lord Canning, mkuu wao huko Bara Hindi. Tarehe 2 Aprili 1861 aliamua kuwa Majid abaki na Unguja, lakini kila mwaka ailipe Maskati reale 40,000, kwa kuwa Unguja ilikuwa na utajiri zaidi. Hivyo ndivyo urithi wa mtu mmoja ulivyogeuka nchi mbili.

Salme naye hakusahauliwa. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Alikuwa na miaka 12 tu, akahesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa shamba lenye nyumba pamoja na fedha zake taslimu. Mama yake alipokufa kwa kipindupindu mwaka 1859 akarithi mashamba mengine 3. Basi mtu asije akaniambia kuwa zamani wasichana hawakuwa na fungu. Walikuwa nalo, tena walipewa mkononi.

UGOMVI WA NDUGU

Mwaka huohuo wa 1859 ndugu yao mwingine, Barghash, alijaribu kumpindua Majid. Salme, kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa waasi na barua nyingi zilipita mkononi mwake. Uasi ulishindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake na wakapatana. Lakini fahali wawili wapiganapo nyasi huumia. Barghash aliporudi aliona kuwa Salme amemsaliti kwa kupatana na adui yake. Kumbuka jambo hilo, maana litarudi.

KUVUKA

Salme alihamia mjini, na jirani yake alikuwa Mjerumani aitwaye Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Walipendana, naye akapata mimba. Msomaji, wewe mwenyewe unajua hatari iliyokuwapo kwa binti wa Sultani. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakuishi sana. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete. Kisha wakaenda Hamburg, kwenye baridi ambayo mtu wa Unguja hawezi kuizoea.

Walipata watoto 3, wasichana wawili na mvulana mmoja. Halafu Agosti 1870 mume wake akapata ajali ya tramu, lile gari la reli lililovutwa na farasi, akafa. Salme akabaki mjane wa miaka 25, ugenini, na watoto ambao mkubwa hajafika miaka 3. Huko nako alidai urithi, na wakuu wa Hamburg wakayakataa madai yake. Kabla mwaka haujaisha, Majid naye alifariki na Barghash akawa Sultani. Yule ndugu aliyesamehe ameondoka, yule mwenye kinyongo ndiye ameshika ufunguo!

KUBISHA HODI

Ili kulisha watoto Salme alifundisha Kiarabu. Alihama mji baada ya mji akitafuta maisha nafuu. Mwaka 1875 alisikia kuwa Barghash anazuru London, akafunga safari kwenda kumwona. Anaeleza katika kitabu chake kwamba wakubwa wa Uingereza walimtaka asimsumbue mgeni wao, wakamwahidi kuwa watoto wake watasaidiwa. Alikubali asimwone ndugu yake, na msaada huo hakuupata.

Mwaka 1885 alipata nafasi nyingine. Ujerumani ilikuwa inataka ardhi ya bara, huku Tanganyika, na Barghash alikuwa amekataa. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikimwelekea. Salme na watoto wake waliletwa katika safari hiyo. Baada ya miaka 19 aliiona tena Unguja! Watu wa mjini walimtambua, wakamfuata njiani wakimwamkia kwa Kiswahili. Barghash hakutaka kumwona.

Alichodai si kiti cha enzi. Alidai fungu lake katika mali ya ndugu na jamaa waliokufa tangu alipoondoka. Barghash alishikilia kuwa aliyeacha Uislamu hana urithi kwa Waislamu, na ni kweli kuwa sheria yao inasema warithi wa dini mbili hawarithiani. Lakini tazama pia kwamba aliyekuwa akidaiwa ndiye huyohuyo aliyekuwa mwamuzi. Hakuna mahakama ambayo kaka na dada wangesimama mbele yake wakiwa sawa.

Na Wajerumani je? Barghash alipokubali matakwa yao, madai ya Salme yaliwekwa kando kama jembe lililomaliza palizi. Kumbe hawakumleta kwa ajili ya mashamba ya mama yake. Walimleta ili wamtishe Sultani.

Mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kilitolewa Berlin, na inasemekana ndicho cha kwanza cha mwanamke Mwarabu kujiandikia habari zake na kuzichapisha. Barghash alifariki Machi 1888, naye Salme akarudi Unguja tena mwaka huo, akidhani Sultani mpya, ndugu yao Khalifa, atakuwa na huruma. Wapi! Aliondoka mikono mitupu. Hakurudi Ujerumani. Alikwenda kuishi Jaffa na kisha Beirut, hadi mwaka 1914.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokitunza miaka yote hiyo. Alizikwa Hamburg kando ya mume wake na mchanga ule akazikwa nao. Katika ardhi yote ya baba yake, hicho kifuko ndicho alichobaki nacho.

MAFUNZO KWETU

Sasa narudi Amukura. Watu husema mpaka ndio uliomnyima Salme mali. Mimi nimesoma mara mbili na sioni hivyo. Bahari haikula mashamba yake. Alinyimwa na ndugu mwenye hasira, na mpaka ukawa kisingizio kizuri, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kushtaki.

Mpaka wetu wenyewe si wa tangu enzi za Adamu. Hadi mwaka 1902 upande huu wetu ulihesabiwa kuwa ni Uganda, ndipo Waingereza wakausogeza. Wateso wako huku na wako kule, na ng'ombe wa mahari bado wanavuka.

Sisi, tofauti na Salme, tuna mahali pa kushtaki. Nilimwomba mwalimu mmoja anieleze Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Ardhi iliyo Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya, hata kama mrithi anaishi Tororo au London. Mtu akifa bila wosia, watoto wake hugawana sawa, na sheria haikuweka wavulana mbele wala haikuwatoa mabinti walioolewa. Na mtu mwenye karatasi za urithi kutoka mahakama ya Uganda anaweza kuziomba mahakama za Kenya zitie muhuri wao ili zifanye kazi huku. Lakini kazi yote huanza na barua ya chifu inayotaja warithi. Kisha tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Anayeishi ng'ambo ataliona wapi gazeti hilo? Jina likikosekana kwenye barua, mambo yanaweza kwisha kabla hajapata habari.

Majina yaliyoandikwa kupelekwa kwa chifu kutoka nyumbani kwetu yalikuwa manne, yote ya wanaume. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeyaandika, maana nina mwandiko mzuri. Nilipomaliza kusoma habari za Salme nilimsimulia baba jioni moja tukikamua ng'ombe. Hakunijibu. Aliuliza tu kama ule mchanga ulikuwa wa shamba la mama yake au wa ufuoni. Nikamwambia ni wa ufuoni.

Siku iliyofuata aliniambia niilete ile karatasi. Bado iko kwake, chini ya redio, na kwa chifu haijafika. Mimi nimeacha nafasi ya mstari mmoja chini ya yale majina manne, na kalamu ninayo.

Wenzangu wa shule hii ya kutwa, ambao kila jioni tunarudi kwetu na kusikia mazungumzo ya wazee, tuulize ni majina gani yameandikwa. Damu ni nzito kuliko maji, hata maji ya mto Malaba.