Ile 4 Imetoka Wapi?

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliandika ubaoni kwamba eneo la uso wa tufe ni 4πr². Binti mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono akauliza hiyo 4 imetoka wapi. Nikamjibu ndiyo kanuni, andika. Akaandika. Ukweli ni kwamba sikujua, na miaka yote niliyosoma hesabu sikuwahi hata kuuliza.

Aliyeigundua ni Archimedes. Alizaliwa karibu mwaka 287 kabla ya Kristo huko Syracuse, mji wa Wagiriki kwenye kisiwa cha Sicily. Baba yake alikuwa mtaalamu wa nyota. Sisi tunamjua kwa kile kisa cha kutoka bafuni mbio akiwa uchi, kisa ambacho hakimo katika kitabu chake hata kimoja. Jamaa alifanya makubwa zaidi ya hayo. Kwa poligoni zenye pande 96, bila kikokotoo, aliibana pai kati ya 3 10/71 na 3 1/7.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya tufe. Alithibitisha kwamba tufe likiingia sawasawa ndani ya mcheduara, ujazo wake ni 2/3 ya ule wa mcheduara, na uso wake pia ni 2/3. Uthibitisho wenyewe hauna tundu, ila ukiusoma huoni aliwazaje. Unakubali tu, kama wanafunzi wangu.

Kumbe njia aliyopitia aliiandika kwingine, katika barua kwa Eratosthenes wa Alexandria. Alitumia mzani, tena wa kichwani! Alichukua tufe, kisha koni na mcheduara vyenye kimo sawa na kipenyo cha tufe, lakini vitako vyenye upana mara mbili ya tufe. Akavikata vyote vipande vyembamba kama chapati, akavipima kimoja kimoja kwenye mzani huo. Akakuta tufe na koni kwa pamoja ni nusu ya mcheduara. Koni peke yake ni 1/3 ya mcheduara, kwa hiyo tufe ni 1/6 iliyobaki. Piga hesabu: 1/6 ya 8πr³ ni 4/3πr³.

Uso ukafuata. Aliwaza kwamba duara lina eneo sawa na pembetatu yenye kitako kirefu kama mzingo na kimo cha nusu kipenyo; basi tufe nalo litakuwa sawa na koni ambayo kitako chake ni uso mzima wa tufe, na kimo chake nusu kipenyo. Koni ni 1/3 ya kitako mara kimo. Weka 4/3πr³ hapo, utaiona 4 ikitoka yenyewe.

Wiki ya mwisho nilirudi darasani na chungwa. Tulichora maduara manne ya upana wa chungwa, tukamenya, tukapanga maganda. Yakajaa manne, karibu kabisa. Yule binti akauliza, na ile 3 ya kwenye ujazo je? Safari hii nikachora mzani.

Barua ile ilipotea kwa karne nyingi. Maandishi yake yalikwanguliwa na juu yake zikaandikwa sala, hadi msomi Heiberg alipoyasoma Constantinople mwaka 1906.

Archimedes mwenyewe aliuawa mwaka 212 kabla ya Kristo. Warumi waliuzingira mji, mitambo yake ikawazuia kwa muda mrefu, na walipoingia askari mmoja akamuua ingawa jenerali Marcellus alitaka aachwe hai. Kaburi lake lilichorwa tufe na mcheduara. Cicero alipokwenda kulitafuta, mwaka 75 kabla ya Kristo, wenyeji wa Syracuse walikana kwamba lipo. Alilikuta ndani ya miiba, akalitambua kwa nguzo ndogo iliyochomoza juu ya vichaka, yenye tufe na mcheduara.