William Shakespeare na Rafiki Zake Wawili

Wasomaji wetu wengi wamepata kulisikia jina la William Shakespeare, Mwingereza aliyetunga michezo ya kuigiza. Lakini si wengi wajuao kwamba nusu ya michezo hiyo ilikuwa katika hatari ya kupotea kabisa. Twapenda kuwasimulia habari zake, maana zina fundisho kwetu sisi wa Tunduma na nchi yote ya Songwe.

Alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 katika mji mdogo wa Stratford-upon-Avon. Baba yake, John, alikuwa fundi wa kushona glavu za ngozi. William hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1582, akiwa kijana wa miaka 18, alimwoa Anne Hathaway, wakapata watoto watatu: Susanna, kisha mapacha Hamnet na Judith. Hamnet, mwana wao wa kiume wa pekee, alifariki mwaka 1596, umri wake miaka 11.

Shakespeare alikwenda London, akawa mwigizaji na mtungaji. Mwaka 1592 tauni iliingia mjini, na nyumba za michezo zikafungwa kwa muda mrefu. Yeye hakukaa bure, bali alitunga mashairi marefu, na tauni ilipotulia akairudia kazi yake. Mwaka 1599 yeye na wenziwe walijenga nyumba ya michezo iitwayo Globe. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto mwaka 1613. Tarehe 23 Aprili 1616 mwenyewe naye akafa, akazikwa katika kanisa la mji ule ule alikozaliwa.

Basi, angalieni. Siku zile mchezo ulikuwa mali ya kundi la waigizaji, wala haukuhesabiwa kuwa kitu cha kutunzwa kama kitabu. Hata miaka kadhaa baada ya Shakespeare kufa, michezo yake 18 ilikuwa bado haijapigwa chapa. Ndipo waigizaji wawili waliofanya kazi naye, John Heminges na Henry Condell, walipoikusanya michezo ya rafiki yao, na mwaka 1623 kikatoka kitabu kikubwa chenye michezo 36.

Katika ile 18 umo mchezo wa Julius Caesar, mkuu wa Rumi aliyeuawa na watu aliowaamini. Umo na wa Macbeth, aliyemwua mfalme wake kwa tamaa ya enzi, asipate raha tena. Mchezo wa Julius Caesar ulifasiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere, ukatolewa mwaka 1963, naye akiwa Rais wa Tanganyika. Ule wa Macbeth ulifasiriwa na Samuel Mushi, ukatolewa mwaka 1968. Kama wale rafiki wawili wangalilegea, wafasiri hawa wangalikosa cha kufasiri.

Nasi je? Wazee wetu wa Kinyiha na wa Kinyamwanga wanazo hadithi, methali, nyimbo, na habari za jinsi vijiji na sharika zetu zilivyoanza. Mzee akifa kabla hazijaandikwa, huzikwa pamoja naye. Heminges na Condell hawakutunga hata mchezo mmoja katika ile, ila walitunza tu kazi ya mwenzao. Kazi kama hiyo yaweza kufanywa na kila mwalimu wa usharika aliye na daftari na kalamu. Twawasihi, ndugu, msikawie. Nendeni mkaketi na wazee, mkayaandike wanayoyasema, wangali hai.