Edward Tingatinga na rangi ya baiskeli

Ukitaja tingatinga, watu wengi hufikiria mtambo wa kuchonga barabara. Kwa wauza picha, jina hilo ni la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji ambacho leo ni Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, upande wa mpaka wa Msumbiji. Shule yake ilikuwa fupi. Kama vijana wengi wa kusini wakati ule, alikwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam na kuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza.

Mwaka 1968 alianza kuchora picha za kuuza. Turubai na rangi za wasanii hakuwa nazo. Alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba za dari, zilizokatwa mraba wa sentimita 60 hivi, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli. Vitu hivyo vya dukani ndivyo vilivyoumba mtindo wake. Rangi ile ni nzito. Ukichanganya mbili zikiwa mbichi ubaoni, unapata tope. Kwa hiyo eneo lote la nyuma lilipakwa rangi moja, likaachwa likauke, ndipo mnyama mmoja mkubwa akawekwa juu, halafu madoa, moja moja, kwa ncha ya brashi. Anayedhani madoa yale ni pambo tu hajawahi kushika kopo la rangi hiyo.

Mkewe alikuwa akiziuza kwa wageni nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Wateja walipoongezeka, Edward aliwachukua vijana, wakiwemo ndugu zake, wakajifunza kwa kumtazama na kushika brashi: Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Simon Mpata.

Miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi jijini wakimdhania mwizi, akafa akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Mpata alihamia Nairobi na kuendelea kuchora huko hadi alipofariki mwaka 1984. Waliobaki Dar es Salaam walikuja kuwa na chama cha ushirika mwaka 1990. Hadibodi wengi wameiacha, maana ni mzigo kwa msafiri. Siku hizi huchora kwenye kitambaa, kinachoviringishwa na kuingia begini. Rangi bado ni ile ya kopo.