MAISHA YA LOVECRAFT, BINGWA WA HADITHI ZA KUTISHA

Natumai umeketi mahali penye mwanga, kwani mtu ninayetaka kukusimulia habari zake si wa kusomwa gizani. Mimi nilimsoma gizani, nikaona cha mtema kuni.

Nilikuwa kidato cha pili nilipokipata kitabu kikuukuu kisicho na jalada katika rafu ya mwisho ya maktaba yetu. Usiku, taa za bweni zilipozimwa, nikajifunika blanketi gubigubi na kukisoma kwa tochi. Hadithi niliyoiangukia ilihusu kimondo kilichodondoka katika shamba la mkulima mmoja. Ndani yake halikutoka jini wala zimwi. Ilitoka rangi tu, rangi isiyo na jina duniani, ikanyonya uhai wa mimea, kisha wa mifugo, kisha wa watu wa nyumba ile mmoja baada ya mwingine. Lepe la usingizi sikulipata. Na kwenda msalani peke yangu? Thubutu!

Kulipokucha nikaanza kuuliza: ni nani huyu aliyeniharibia usiku wangu? Haya ndiyo niliyoyapata.

Howard Phillips Lovecraft alizaliwa tarehe 20 Agosti 1890 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani. Alikuwa mwana wa pekee. Babake alikuwa mtu wa kuzunguka miji akiuza bidhaa za kampuni. Mwaka wa 1893, akiwa safarini Chicago, alirukwa na akili. Akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko ndiko alikofia mwaka wa 1898. Mtoto akalelewa na mama, mama mkubwa, mama mdogo na babu mzaa mama, Whipple Phillips, aliyekuwa tajiri wa kutajika. Mzee huyo alikuwa fundi wa kusimulia hadithi za majumba yenye mizuka.

Nyumbani mlikuwa na vitabu tele. Akiwa na miaka mitano hivi Howard alisoma Alfu Lela Ulela, masimulizi yale yale tunayoyajua kwa Kiswahili. Yalimpumbaza hata akajibandika jina la Kiarabu, Abdul Alhazred. Mwenye Kiarabu kidogo atacheka, maana jina halijengwi hivyo. Hata hivyo, alipokuwa mtu mzima alilitoa jina lile na kumpa mwandishi wa kubuni wa kitabu cha kubuni, Necronomicon. Alikitaja kwa ustadi mno hata wasomaji wakaanza kukitafuta madukani na maktabani. Kumbe hakijapata kuwako!

Mwaka wa 1904 babu alifariki, mali ikaporomoka, na ile nyumba kubwa ikawatoka. Kijana alikuwa na miaka 13. Faraja yake ikawa darubini na nyota. Kuanzia mwaka wa 1906 aliandika makala za elimu ya nyota katika magazeti ya kwao, naye angali mwanafunzi kama mimi na wewe! Alitamani kuwa mtaalamu wa nyota. Lakini, jamani, hisabati ilimpiga chenga, hasa aljebra. Mwaka wa 1908 afya ya akili yake ilivunjika, akaacha shule bila cheti. Kwa miaka kama mitano akajifungia nyumbani, hana kazi, hana mbele wala nyuma.

Unajua kilichomtoa mafichoni? Ni majarida madogo kama hili letu. Mwaka wa 1914 alijiunga na chama cha waandishi wa kujitolea, watu waliojichapishia kurasa zao na kutumiana kwa posta bila malipo. Huko alipata marafiki, na huko akaanza tena kuandika hadithi. Kwa hivyo wale wanaosema jarida la chama ni kazi ya watu wasio na kazi, na waseme taratibu.

Mwaka wa 1923 gazeti liitwalo Weird Tales lilianzishwa, likawa ndilo soko lake kuu. Mwaka uliofuata alipewa kazi ya kumwandikia hadithi Harry Houdini, yule mwanamazingaombwe maarufu aliyejifungua minyororo. Lovecraft akaipiga chapa hadithi yote, kisha akaipoteza katika stesheni ya gari la moshi, na harusi yake imekaribia! Akafunga ndoa na Sonia Greene tarehe 3 Machi 1924, na fungate yao ikaishia kwenye taipureta wakiipiga chapa upya.

Waliishi Brooklyn, New York. Duka la kofia la Sonia likafungwa, Howard akatafuta kazi asipate, na mwishowe Sonia akaenda kutafuta riziki mji mwingine. Mwaka wa 1926 Howard alirudi Providence, na ndoa ile haikusimama tena. Lakini kalamu ilisimama. Mwaka huo huo aliandika "The Call of Cthulhu", habari za dubwana lililolala chini ya bahari kuu. Mwaka wa 1927 akaandika "The Colour Out of Space", ile hadithi ya kimondo iliyoninyima usingizi. Alilipwa dola 25 tu.

Sasa, upya wake ulikuwa wapi? Hebu fikiria hadithi za kwetu. Jini wa kwetu anakujua. Ana kisa na wewe, hukasirika, na pengine hutulizwa kwa ubani. Madubwana ya Lovecraft hayakujui. Trekta ikilima shamba haiwachukii mchwa, wala haina habari kwamba wapo. Kwa yeye, aliyekesha akitazama nyota tangu utotoni, sisi ndio mchwa. Hofu hiyo ndiyo iliyonikalia kifuani kule bwenini.

Fedha hazikuja. Mwaka wa 1931 aliandika hadithi ndefu ya wanasayansi walioenda barafuni kusini mwa dunia, "At the Mountains of Madness". Weird Tales wakaikataa, naye akavunjika moyo kabisa. Ilitoka katika gazeti jingine mwaka wa 1936. Aliishi kwa kusahihisha maandishi ya wengine, akila mkate na maharagwe ya mkebe. Hata hivyo stempu hazikumkosa. Aliandika barua makumi ya maelfu, na vijana aliwajibu kama wakubwa wenzake. Mmoja wao, Robert Bloch, alimwandikia mwaka wa 1933 akiwa na miaka 16. Huyo ndiye aliyekuja kuandika Psycho mwaka wa 1959.

Lovecraft alifariki kwa saratani ya utumbo tarehe 15 Machi 1937, akiwa na miaka 46. Kitabu chake alichokishika mkononi kilikuwa kimoja chembamba, nakala mia mbili hivi, tena kimejaa makosa ya chapa. Akiba haiozi, lakini. Marafiki wa barua, August Derleth na Donald Wandrei, walianzisha kampuni ya uchapishaji mwaka wa 1939 ili kumwokoa asisahauliwe. Ndiyo sababu nilimkuta katika rafu yetu.

Ningeweza kumalizia hapo, lakini nitakuwa nimekuficha jambo. Nilipomsimulia rafiki yangu wa dawati habari hizi, aliniuliza kama najua mtu huyo alituonaje sisi. Sikujua. Nikasoma zaidi, na nilichokiona kikaniuma. Lovecraft aliwadharau watu weusi, Wayahudi na wahamiaji, akayaandika hayo katika barua, mashairi na hata hadithi. Na mkewe mwenyewe alikuwa Myahudi! Kwa miaka mingi tuzo kubwa ya World Fantasy ilikuwa sanamu ya kichwa chake. Mwaka wa 2011 aliyeipata alikuwa Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, naye akaeleza wazi uzito wa kuweka kichwa kile nyumbani kwake. Mwaka wa 2015 ikatangazwa kuwa sanamu ile haitatumika tena.

Nilitaka kukirudisha kitabu na kuacha kuandika makala haya. Mlezi wa chama chetu hakunilazimisha. Aliniambia tu nifikiri kwanza. Basi nimefikiri, na ninaona hivi: Lovecraft alijihukumu mwenyewe. Ikiwa sisi sote ni mchwa mbele ya nyota, ni mchwa gani atakayemringia mwenzake kwa rangi? Aliyatazama yaliyo mbali akayaona, akashindwa na jirani aliyekaa naye mtaa mmoja. Ninamsoma, lakini simsujudii.

Ukitaka kuanza, msomaji wangu, anza na "The Colour Out of Space". Fuatisha "The Call of Cthulhu", na usijisumbue na namna ya kulitamka jina hilo. Alilibuni makusudi lisikae vizuri katika kinywa cha binadamu. Kisha panda hadi "At the Mountains of Madness" wakati wa likizo, maana ni ndefu. Kiingereza chake ni kizito, hivyo kamusi iwe karibu. Ukishamaliza, msome Okorafor pia, uone mwenzetu anavyousimulia ulimwengu.

Na tochi yako iwe na betri mpya. Kwaheri ya kuonana.

Mwanachama, Kidato cha 3