Amiri Abdulkadir wa Algeria: Mpiganaji Aliyeitawala Nafsi Yake

Miongoni mwa mashujaa wa bara letu waliopambana na ukoloni katika karne ya 19, Amiri Abdulkadir bin Muhyiddin wa Algeria ana mahali pake pa pekee. Kwa muda wa miaka 15 alipigana na jeshi la Ufaransa, ambalo wakati huo lilikuwa mojawapo ya majeshi makubwa kabisa duniani. Hata hivyo, vita alivyoshinda si ndivyo vilivyolifikisha jina lake katika mabara yote. Jina hilo lilienea kwa sababu ya jambo ambalo kila askari na kila polisi analihitaji kazini kila siku, nalo ni uwezo wa kuitawala nafsi wakati silaha imo mkononi na sababu ya kukasirika ipo. Ni vema basi walinzi wa usalama wayajue maisha yake, wajue nguvu hizo alizipata wapi, na alizitumiaje.

Abdulkadir alizaliwa mwaka 1808 katika kijiji cha Guetna, karibu na mji wa Mascara, magharibi ya Algeria. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alikuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria katika sehemu hiyo, tarika ambayo hata huku kwetu Afrika ya Mashariki ina wafuasi wengi, pwani na bara. Nyumbani kwao palikuwa zawiya, yaani mahali pa ibada na mafunzo, ambapo wanafunzi, wasafiri na maskini walipokewa. Huko kijana huyo alihifadhi Kurani, akasoma sheria, lugha na falsafa. Alijifunza pia kupanda farasi na kutumia silaha, akawa hodari. Katika miaka ya 1820 alifuatana na baba yake kwenda Maka kuhiji, wakapita Misri, Damascus na Baghdad.

Jambo kubwa alilolipata katika malezi hayo ni mazoezi ya roho. Masufi hufundisha kuwa vita vya mtu na adui wa nje ni vidogo vikilinganishwa na vita vyake na nafsi yake mwenyewe, yaani na hasira, choyo, majivuno na hofu. Vita hivyo havina siku ya mapumziko, na hupiganwa kwa mambo madogo madogo: kuamka kabla ya alfajiri, kusali kwa wakati wake, kuleta uradi kwa utulivu, kula kwa kiasi, kunyamaza pale ulimi unapotaka kutukana, na kujihesabia matendo ya mchana kabla ya kulala. Mwenye kutazama juu juu atadhani hayo ni mazoea ya wacha Mungu tu. Lakini askari anayejua gwaride ataelewa mara moja. Gwaride si vita; hata hivyo, mikono iliyozoezwa kila asubuhi haisahau kazi yake risasi zinapolia. Roho nayo ni vivyo hivyo.

Mwezi wa Julai 1830 Wafaransa waliuteka mji wa Algiers. Utawala wa Waturuki ukaanguka, na makabila ya magharibi yakabaki bila kiongozi. Mzee Muhyiddin aliombwa ashike uongozi, akakataa kwa sababu ya umri wake, akamtoa mwanawe. Mwezi wa Novemba 1832 Abdulkadir akapewa baia na kuwa Amiri. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Kazi aliyoikuta ilikuwa ngumu. Makabila yalikuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe, na hapakuwa na jeshi ila wapanda farasi waliokuja kwa mwito na kurudi makwao siku waliyopenda. Yeye aliunda jeshi la kudumu la askari wa miguu, wapanda farasi na wapiga mizinga, lenye mishahara, sare na kanuni zilizoandikwa. Alianzisha viwanda vya silaha, akajenga ngome, akateua makadhi na watoza kodi. Mwaka 1834 Wafaransa walilazimika kufanya naye mkataba. Mapigano yalipoanza tena, mwezi wa Juni 1835, alilishinda jeshi la Jenerali Trézel katika vita vya Macta. Mwaka 1837, kwa mkataba wa Tafna, Ufaransa ilikubali kuwa sehemu kubwa ya nchi ilikuwa chini ya mamlaka yake. Pamoja na ukubwa huo, aliendelea kukaa hemani, kuvaa nguo za kawaida, na kusomesha watu dini alipopata nafasi.

Nguvu zake za ndani zilionekana zaidi katika jinsi alivyowatendea mateka. Zamani ilikuwa desturi katika vita vile mpiganaji kuleta kichwa cha adui na kulipwa. Amiri aliigeuza desturi hiyo, akaamuru kuwa tuzo itatolewa kwa anayeleta mateka aliye hai na mzima, na kwamba atakayemtesa mateka ataadhibiwa. Mateka wanawake walitunzwa chini ya uangalizi wa mama yake mzazi. Alipoombwa na Askofu Dupuch wa Algiers, alikubali kubadilishana wafungwa, na akaruhusu padre awahudumie mateka Wakristo waliokuwa mikononi mwake. Chakula kilipokosekana kambini, iliwahi kutokea akawaachia mateka waende zao, kwa kuwa hakuona haki ya kumshika mtu asiyeweza kumlisha. Huyu alikuwa katika vita vya kufa na kupona, naye hakuwa na haja ya kumpendeza adui.

Hata hivyo si haki kumsimulia kama kwamba hakuwa na dosari. Mwaka 1838 aliuzingira mji wa Ain Madhi, ngome ya tarika ya Tijania, kwa kuwa kiongozi wake alikataa kumtii. Kwa muda upatao miezi sita jeshi lake liliwapiga Waislamu na Waalgeria wenzake, na mwishowe ngome ikabomolewa. Wengi hawakulisahau jambo hilo. Mwenye kuwashinda wengine kwa jina la umoja huweza naye kushindwa na ukali wake mwenyewe, hata kama ni mcha Mungu.

Vita na Ufaransa vilirudi mwaka 1839. Safari hii Jenerali Bugeaud alitumia mbinu ya kuteketeza mashamba, maghala na mifugo ili wananchi wafe njaa. Ilipofika mwaka 1846 askari wa Ufaransa nchini Algeria walikuwa zaidi ya 100,000. Mwezi wa Mei 1843 kambi kuu ya Amiri, iliyokuwa mji mzima wa mahema wenye makumi ya maelfu ya watu, ilivamiwa yeye akiwa mbali. Watu wapatao 3,000 walitekwa, na maktaba yake ya vitabu na miswada, aliyoikusanya kwa miaka mingi, ikapotea. Mwezi wa Juni 1845, huko Dahra, mamia ya wanaume, wanawake na watoto waliokimbilia pangoni waliuawa kwa moshi wa moto uliowashwa mlangoni na askari wa Kifaransa. Katika hali kama hiyo, amri ya kuwalinda mateka ilikuwa mzigo mzito kwa wafuasi wake.

Na mzigo huo siku moja uliangushwa. Mwezi wa Aprili 1846, Amiri akiwa mbali vitani, mateka wa Kifaransa zaidi ya 200 waliuawa katika kambi yake. Wanahistoria wengi wanaona kuwa amri hiyo ilitoka kwa wasaidizi wake, si kwake. Lakini aibu iliangukia jina lake, kama inavyopaswa kumwangukia mkuu wa jeshi. Kila mwenye cheo na alitafakari tukio hilo. Haitoshi mkuu wa kikosi kuwa na subira yeye peke yake. Subira isiyofundishwa kwa naibu, kwa sajini, na kwa askari wa lindo la usiku, huondoka kambini pamoja na mkuu anapoondoka.

Mwishoni mwa mwaka 1847 Amiri alikuwa amebanwa kila upande. Sultani wa Moroko, aliyekuwa rafiki yake, alikuwa amemtumia jeshi kumpiga. Yeye na wapanda farasi wachache wangeweza kupenya na kukimbilia jangwani, lakini majeruhi, wazee, wanawake na watoto wangeachwa nyuma. Akashauriana na wenzake, na mwezi wa Desemba akajisalimisha kwa Jenerali Lamoricière, kwa sharti kuwa yeye na watu wake wapelekwe Alexandria au Acre. Jenerali alitoa ahadi, na Duc d'Aumale, mtoto wa mfalme na gavana wa Algeria, akaithibitisha.

Ahadi hiyo ilivunjwa. Meli iliwapeleka Toulon, Ufaransa, na huko wakafungwa. Mwaka 1848 ufalme ulipinduliwa, na serikali mpya haikujiona imefungwa na neno la ile ya zamani. Mfungwa alihamishiwa Pau, kisha katika ngome ya Amboise. Watu wake zaidi ya 20, wakiwamo watoto, walifariki na kuzikwa hapo hapo. Aliahidiwa makazi mazuri na heshima kubwa iwapo angekubali kukaa Ufaransa na kuwaondolea Wafaransa deni la ahadi yao, akakataa. Kifungo hicho kilidumu karibu miaka mitano. Muda huo wote alishika ratiba ile ile ya utotoni: sala, kusoma, kusomesha wenzake, na kuwapokea wageni kwa adabu. Miongoni mwa waliokuja kumwona alikuwamo Askofu Dupuch, ambaye alimtetea hadharani. Waliofika wakitazamia kumwona mtu aliyejaa chuki waliondoka wakimsifu. Mwezi wa Oktoba 1852 Louis-Napoleon alikwenda Amboise mwenyewe kumwambia kuwa yu huru. Amiri aliahidi kutorudi Algeria kupigana, na ahadi hiyo aliitimiza hadi kufa kwake, hata mwaka 1871 mwanawe mmoja alipojiunga na uasi dhidi ya Wafaransa. Wako wazalendo waliomlaumu kwa hilo. Yeye alikuwa ameonja uchungu wa ahadi iliyovunjwa, na hakutaka kumwonjesha mtu mwingine, hata adui.

Alikaa Bursa katika nchi ya Uturuki, na mwaka 1855 akahamia Damascus, ambako aliishi kama mwanachuoni. Mtihani mkubwa kabisa wa maisha yake ulimfikia huko, naye hana cheo wala nchi.

Katika mwaka 1860 vita vya Wadruzi na Wakristo wa Maroni vilizuka katika milima ya Lebanoni, na chuki ikasambaa hadi Damascus. Amiri aliiona hatari mapema, akawaonya wakubwa wa mji. Tarehe 9 Julai kundi la watu wenye ghasia liliuvamia mtaa wa Wakristo, likaua, likapora na kuchoma nyumba. Gavana wa Dola ya Uturuki, Ahmed Pasha, alikuwa na askari na silaha, lakini hakuchukua hatua ya kuyazuia mauaji. Baadhi ya askari walisimama wakitazama, na wengine wakaungana na waporaji.

Amiri alitoka na wafuasi wake wa Kialgeria, wakaingia katika mitaa iliyokuwa ikiwaka moto, wakawakusanya Wakristo na kuwaleta nyumbani kwake. Miongoni mwao walikuwamo makonsuli, mapadre na watawa wa Kizungu, Wafaransa pia wakiwamo. Nyumba ilipojaa, aliwasindikiza kwa makundi hadi ngomeni. Aliwaahidi fedha wale ambao wangemletea Mkristo aliye hai, kama alivyofanya zamani kwa mateka. Wauaji walipofika mlangoni pake wakidai wakabidhiwe watu hao, aliwakabili mwenyewe, akakataa, akajitayarisha kupigana. Wakarudi nyuma. Maelfu ya watu waliokoka kwa juhudi zake.

Tukumbuke hali ya mtu huyu. Wenye dini hiyo ndio waliotwaa nchi yake, wakachoma mashamba ya watu wake, wakamfunga kwa hila na kuzika watoto wa wenzake ugenini. Kama angejifungia nyumbani siku ile na kunyamaza, hakuna ambaye angemshitaki. Lakini roho iliyozoezwa miaka 50 haikuhitaji muda wa kutafakari. Alipopongezwa baadaye, alieleza kuwa alitimiza tu wajibu aliowekewa na sheria ya dini yake na haki za ubinadamu. Ufaransa, Urusi na nchi nyingine zilimpa nishani. Rais Lincoln wa Marekani alimpelekea jozi ya bastola. Na Imam Shamil wa Dagestan, mpiganaji mwenzake, alimwandikia kumpongeza.

Wale askari wa Damascus nao walipata malipo yao. Dola ya Uturuki ilimtuma Fuad Pasha kuchunguza, na gavana Ahmed Pasha akauawa kwa kupigwa risasi, pamoja na askari wengi walioshiriki katika uhalifu ule.

Amiri Abdulkadir alifariki Damascus mwezi wa Mei 1883. Baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962, mabaki yake yalirudishwa nyumbani na kuzikwa kwa heshima katika makaburi ya El Alia, mjini Algiers.

Askari wa leo huenda asikutane na siku kama ile ya Damascus. Lakini atakutana na mahabusu anayemtukana, dereva anayembembeleza kwa fedha, raia aliyepotea njia usiku, na mwenzake anayemwambia kuwa hakuna atakayejua. Awe Mwislamu, Mkristo au mwenye imani nyingine, hapo ndipo atakapotumia kile alichokiweka akiba rohoni kwa sala yake ya alfajiri, kwa kiasi chake katika ulevi na matamanio, na kwa desturi ya kujiuliza kila usiku amemtendea nani nini. Katika mji ule ule wa Damascus, siku ile ile, walikuwako watu wa aina mbili wenye bunduki. Silaha zao ziliweza kufanana; tofauti ilikuwa katika mazoezi ya miaka iliyotangulia, ambayo hakuna aliyekuwa akiyaona.