Mwenye Heri Anuarite wa Wamba

Wamba, upande wa magharibi ya Ituri, alizaliwa mtoto mwanamke mwaka 1939. Wazazi walimwita Nengapeta. Siku ya kuandikwa shuleni, sista alikosea, akaandika jina la dada yake, Anuarite. Jina hilo likabaki naye mpaka leo.

Baba yake, Amisi, alikuwa askari. Alitamani sana mtoto mwanamume, lakini mkewe, Mama Isude, alizaa mabinti sita. Basi Amisi akamwacha mkewe. Jambo hilo lilikuwa chungu, tena si haki: mama hakukosa neno, wala mabinti. Lakini Anuarite hakushika kinyongo. Alimsamehe baba yake.

Alipokua aliingia utawa huko Bafwabaka, katika shirika la Jamaa Takatifu, akaweka nadhiri mwaka 1959. Alifundisha watoto, alipika, alitunza sakristia. Alipenda kuwafurahisha wenzake.

Tarehe 29 Novemba 1964, waasi walioitwa Simba waliwakamata masista, wakawapeleka Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, mkubwa mmoja wa askari alitaka kumlazimisha Anuarite avunje nadhiri yake. Anuarite alikataa. Yule mtu akampiga vibaya sana. Katikati ya mapigo Anuarite alimwambia kwamba amemsamehe, kwa kuwa hajui analotenda. Akauawa, naye ana miaka 24 tu.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri. Siku ile ile Papa naye alimsamehe muuaji, kwa jina la Kanisa lote.